Nakala ya Tatu Iko Wapi? Seva za Linux kati ya Ubwari, Baraka na Milima ya Fizi

Mwisho wa mwezi, katika kituo cha afya cha rasi ya Ubwari, muuguzi msimamizi, ambaye watu wa Fizi humwita tituleri, huketi na kalamu mbele ya kanevasi. Kanevasi ni ile fomu ndefu ya wizara yenye vijumba vya malaria, kuhara, wajawazito, chanjo na dawa zilizobaki rafuni. Anahesabu kwenye rejesta, anajaza, anajumlisha, anagonga muhuri. Kisha karatasi inavuka Ghuba ya Burton kwa boti, katikati ya magunia ya ndagala na mihogo, ama inapanda pikipiki, hadi ofisi ya kanda ya afya. Hapo yuko mtu wa takwimu anayeihamishia kwenye kompyuta, kijumba kwa kijumba.

Tituleri anaijua karatasi yake, mwenye boti anamjua tituleri, na ofisi ina orodha ya vituo vilivyochelewa. Kutoka hapo, mwezi mzima wa kazi ya watu wengi unaingia mahali pasipoonekana: ndani ya diski, kwenye kompyuta iitwayo seva. Mhadhara huu unahusu mahali hapo, na maisha yake katika mji kama Baraka.

Eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, linazidi ukubwa wa kilomita za mraba 15,000, likipanda kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika hadi milima mirefu. Kanda zake za afya, zikiwemo Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, zina vituo ambavyo mvua ikinyesha havifikiki. Tangu 2015 eneo hilo lina pia kambi ya Lusenda ya wakimbizi wa Burundi, na kwa hiyo hesabu za watu, dawa na wanafunzi hubadilika haraka. Namba hapa zina kazi: ndizo zinazoonyesha kipindupindu kimeanzia mtaa gani, na kituo gani kitaishiwa chanjo kabla ya boti ijayo.

Mfumo unaopokea namba za afya za Kongo unaitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na toleo la sasa husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, miaka miwili baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa, na Kongo ikafuata ndani ya muongo huohuo. Ukiufunua chini, utakuta tabaka tatu: programu ya Java, hifadhidata ya PostgreSQL, na chini ya zote mbili mfumo endeshi wa Linux. Hospitali zinazotumia OpenMRS, mfumo wa faili za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006, mara nyingi nazo zinasimama juu ya Linux.

Linux yenyewe ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyesema anaifanya kama kitu cha kujifurahisha. Haiuzwi leseni. Mtu wa Baraka anaweza kuipakua, kuifungua, kuibadilisha na kuigawa, na hakuna atakayemdai. Afrika Mashariki haikukaa kando: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, toleo la Linux linaloendesha seva nyingi za DHIS2 hadi leo.

Vitabu vingi vya usimamizi wa seva huanza na mdukuzi. Vimeandikiwa miji ambako taa haizimiki. Seva ya Baraka ina maadui walio karibu zaidi: umeme, joto, vumbi, maji ya ziwa na barabara. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maadui hao wanazuilika kwa mashine ndogo na programu zisizolipiwa, mradi ofisi iwe na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo na siku moja ya mwezi ya kuifanya.

Umeme unapokatika

Mabwawa ya mto Ruzizi, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la 1989, yako mpakani mwa Kongo na Rwanda, karibu na Bukavu. Baraka iko mbali kusini, na ofisi zake hutegemea sola na jenereta. Jenereta huzimwa kwa sababu za kawaida kabisa: mazutu yameisha, mlinzi amelala, mkutano umekwisha. Swali ni kitu gani hutokea ndani ya seva sekunde hiyo.

Linux haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Kuandika diskini ni kazi ya polepole, kwa hiyo maandishi ya kawaida hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya RAM, na kwa mpangilio wa kawaida yanaweza kusubiri hadi sekunde 30 hivi. Umeme ukikatika katikati ya hapo, yaliyokuwa RAM yanapotea. Ndiyo maana mfumo wa faili wa ext4 una daftari lake la ndani, ambalo hupelekwa diskini kila baada ya sekunde 5, ili mashine ikiwaka tena ijue ni kazi gani iliishia njiani.

PostgreSQL ina ukali zaidi. Kabla ya kugusa jedwali lolote, huandika kusudio lake kwenye kumbukumbu maalumu na kuilazimisha diski iseme imepokea, kama mwenye duka anayeandika deni daftarini kabla mteja hajabeba sukari. Mashine ikiwaka, inasoma daftari na kumalizia yaliyobaki. Utaratibu huo una tundu moja. Diski nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani hazina akiba ya umeme ya kumalizia maandishi yaliyo njiani, na baadhi husema zimepokea wakati bado. Ofisi inayonunua diski kwa kuangalia ukubwa na bei tu huenda imenunua tundu hilo.

Dawa yake ni UPS, ambayo wengi hapa huiita onduleri kwa Kifaransa chao. Wengi huichukulia kama betri ya kumalizia barua iliyobaki. Kazi yake kubwa iko kwenye waya mdogo wa USB unaobaki ndani ya boksi. Waya huo ukichomekwa kwenye seva, na programu ya bure iitwayo NUT ikiwekwa, betri inaweza kusema yenyewe kwamba inaishiwa. Hapo seva inajizima kwa utaratibu: inafunga programu ya Java, inafunga hifadhidata, inashusha yote diskini, ndipo inalala. Hakuna mtu aliyehitaji kuamshwa saa nane za usiku.

Mashine moja, kazi tano

Taasisi yenye kazi tano za kompyuta mara nyingi huwa na mashine tano: moja ya takwimu, moja ya wagonjwa, moja ya dawa, moja ya faili za ofisi, moja ya maktaba ya shule. Mjini kwenye gridi hilo ni suala la nafasi. Kwenye sola ni suala la betri.

Hesabu yake inafanyika kwenye karatasi. Kompyuta tano za wati 60 kila moja ni wati 300, na kwa saa 24 ni wati-saa 7,200. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400, lakini fundi mwenye busara hatumii zaidi ya nusu, maana betri inayokaushwa kila usiku hufa mapema. Inabaki 1,200. Kompyuta hizo tano zinadai betri sita, kabla ya kuhesabu umeme unaoliwa na kigeuzi. Mashine moja ya wati 45, inayofanya kazi zote tano, inadai wati-saa 1,080. Betri moja karibu inatosha.

Kuifanya mashine moja ijigawe tano ndiko kunakoitwa upepeshaji, na si jambo jipya: IBM ilikuwa na mashine pepe katika miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Linux iliipata njia hiyo ndani ya kiini chake mwaka 2007, kwa kazi iitwayo KVM iliyoanzishwa na Avi Kivity. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Vienna ilitoa Proxmox, inayomwezesha msimamizi kuona mashine zake pepe zote kwenye kivinjari na kuziwasha au kuzizima kwa kubofya.

Zipo njia mbili, na tofauti yake inagusa mfuko. Mashine pepe kamili ina kiini chake na fungu lake la RAM, kama familia yenye nyumba na jiko lake. Kontena ni mpangaji: ana chumba chake chenye kufuli, ila jiko ni la wote. Kwenye mashine yenye gigabaiti 16 za RAM, makontena huacha nafasi ambayo mashine pepe zingeila. Wataalamu wa DHIS2 wenyewe wamekuwa wakipendekeza kontena moja la hifadhidata, moja la programu, moja la lango la wavuti, yote ndani ya seva moja ya Linux.

Hatari yake inajulikana kwa kila anayesafiri ziwani: boti moja ikizama, inazama na abiria wote. Kuna pia hatari ndogo inayopuuzwa. Msimamizi akigawa RAM kuliko iliyopo, Linux itafika mahali pa kuchagua programu ya kuua ili mashine ipumue, na kwa kawaida humwangukia yule anayekula zaidi. Katika seva ya takwimu, mlaji mkubwa huwa ni Java au hifadhidata, yaani kazi ileile iliyofanya seva inunuliwe.

Diski mbili na herufi moja

Mwaka 1988, watafiti watatu wa Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walionyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zinaweza kushinda diski moja ya bei kubwa. Wazo hilo ndilo RAID. Umbo lake jepesi kuliko yote ni diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea, na watumiaji hawaoni tofauti.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu hawaoni tofauti. Seva ya diski mbili inaweza kutembea kwa mguu mmoja mwaka mzima. Linux inasema ukweli, ila inausemea ndani ya faili iitwayo /proc/mdstat, na mtu lazima aende kuisoma. Diski zote zikiwa hai, mwisho wa mstari huandikwa [UU]. Moja ikifa, huandikwa [U_]. Herufi moja imeondoka na kistari kimekaa mahali pake. Asiyejua kusoma kistari hicho ataagiza diski mpya siku ya pili kufa, na diski za Baraka huagizwa Uvira au Bujumbura, barabara ikiruhusu. Diski mbili zilizonunuliwa siku moja, duka moja, kiwanda kimoja, zimeishi katika joto lilelile na vumbi lilelile, na huweza kufuatana kufa. Busara ni kuchanganya chapa, na kuwa na ya tatu kabatini.

Kuhusu nafasi, Linux ina LVM, iliyoanza kama kazi ya Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Inachukua diski zote na kuzifanya shamba moja, kisha inakata vipande kwa mahitaji. Siri ya watumiaji wazoefu ni kutogawa shamba lote siku ya kwanza. Kipande cha hifadhidata kikibana, amri moja, lvextend -r -L +20G ikifuatiwa na jina la kipande, hukiongezea gigabaiti 20 huku watu wakiendelea kufanya kazi. Aliyegawa lote siku ya kwanza hana pa kuchukua, na PostgreSQL ikikosa mahali pa kuandika husimama.

Kinachojaza diski mara chache ni namba za kanevasi. Namba ni nyepesi. Walaji ni picha za skana, video, na kumbukumbu za programu zinazoandika kosa lilelile maelfu ya mara kwa siku bila mtu kuzifuta. Amri ya df -h huonyesha asilimia zilizotumika. Inachukua muda mfupi kuliko kumimina chai.

Hadithi za waliopoteza

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akirekebisha hifadhidata alifuta saraka kwenye seva ambayo hakuikusudia. Aligundua baada ya sekunde moja mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na usiku ule hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa au iliyokuwa imewekwa ipasavyo. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni picha ya LVM, yaani nakala ya hali ya diski ya wakati huo, ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Data ya saa hizo sita haikurudi.

Hadithi ya pili ni ya moto. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva za kampuni ya OVH liliteketea Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyekufa, lakini baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa katika moto uleule. Hadithi hiyo inamjibu anayesema intaneti ya satelaiti, baada ya Starlink kupewa leseni nchini Kongo mwaka 2025, itamaliza mjadala: kila kitu kitapelekwa kwenye seva za ng'ambo na Baraka itapumzika. Seva ya ng'ambo ni kompyuta ya mtu mwingine katika jengo la mtu mwingine, na jengo huungua.

Za nyumbani zinatosha pia. Ziwa Tanganyika limepanda sana katika miaka hii na kuingia kwenye nyumba na ofisi za ufukweni, Uvira na Baraka. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Ofisi yenye nakala yake pekee katika jengo moja la mji mmoja haihitaji mfano zaidi.

Hesabu ya nakala

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo mafundi wa seva wameichukua: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali. Kwa ofisi ya Baraka, ya kwanza ni data yenyewe kwenye seva. Ya pili ni diski ya nje, katika jengo lingine ambako maji ya ziwa hayafiki. Ya tatu ni ya mbali. RAID haihesabiwi kati ya hizo, kwa sababu kilichofutwa kwa makosa hufutwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Picha ya LVM nayo haihesabiwi ikiwa inalala kwenye diski ileile.

Nakala ya mbali huonekana ngumu mpaka ihesabiwe. Kutuma gigabaiti 20 kwenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde ni saa 44, na hakuna kifurushi cha simu kitakachovumilia. Lakini data haibadiliki yote kila siku. Programu ya rsync, ambayo Andrew Tridgell aliitoa mwaka 1996, hulinganisha pande mbili na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Vikiwa megabaiti 200, laini ileile inavimaliza kwa dakika 27. Pale mtandao unapokosekana kabisa, diski inaweza kusafiri kwa boti kama kanevasi, mradi imefungwa kwa usimbaji wa LUKS. Diski ya wagonjwa ikiibiwa gatini bila kufungwa hivyo, siri za familia nyingi zimeibiwa nayo.

Baada ya hapo linabaki jambo ambalo GitLab ililisahau: kuirudisha. Nakala inafunguliwa ndani ya kontena tupu, hifadhidata inawashwa, na mtu anatafuta kanevasi moja anayoijua, tuseme ya kituo cha Ubwari ya mwezi uliopita, na kulinganisha na karatasi. Zikilingana, anaandika tarehe na dakika zilizotumika kwenye daftari la kawaida la shule, anatia sahihi. Kontena linafutwa. Mara ya kwanza kazi hiyo inaweza kula siku nzima, kwa sababu nenosiri limesahaulika au toleo halilingani. Afadhali mambo hayo yagundulike siku ya mazoezi.

Hakuna katika haya yote kinachodai fundi kutoka Kinshasa. Kijana anayeendesha kibanda cha fotokopi na kuchaji simu Baraka tayari anajua betri, vigeuzi na diski zilizoungua. Anachokosa ni mkataba, funguo za chumba cha seva, na mtu wa pili anayejua nenosiri, ili akihamia Lubumbashi ofisi isibaki imefungiwa nje ya data yake.

Kwa hiyo ombi linaelekezwa kwa wakuu wa kanda za afya, wakurugenzi wa hospitali na wakuu wa shule wa Baraka na Fizi, na ni dogo. Mwezi huu, kanevasi ya mwisho ikishaingizwa, teueni mtu mmoja kwa jina. Asome /proc/mdstat, arudishe nakala ya tatu kwenye kontena tupu, na alete daftari lenye tarehe mezani kabla ripoti haijatiwa sahihi. Akirudi akisema nakala hiyo haipo, mtakuwa mmelijua hilo jenereta ikiwa bado inaunguruma.